Spika za masafa yote na sabufa: mtambo mdogo upangwe vipi?

Anayeanza kujenga mtambo mdogo wa sauti hukwama mahali pamoja. Fedha alizonazo zinatosha spika mbili kubwa, au spika mbili ndogo pamoja na sabufa, na kila anayemwomba ushauri anatetea alichonacho mwenyewe. Mwenye spika za inchi 15 atamwambia sabufa ni mzigo tu. Mwenye sabufa atamwambia muziki bila sabufa ni redio. Wote wawili wanasema kweli kwa kazi wanazozifanya wao, na ndiyo maana ushauri wao haumsaidii mwenye kazi nyingine.

Nitalinganisha mipangilio minne ambayo mnunuzi hukutana nayo zaidi: spika mbili kubwa za masafa yote bila sabufa, spika mbili ndogo na sabufa moja, spika mbili za ukubwa wa kati na sabufa nzito, na nguzo nyembamba inayosimama juu ya sabufa yake. Spika ya masafa yote ninayoizungumzia ni boksi linalojitosheleza: koni inayobeba besi na sauti za kati (inchi zinazotajwa ni upana wake), pamoja na twita ya kubeba trebo, yaani sauti nyembamba za juu.

Jambo moja niliseme mapema. Watu hununua sabufa wakitafuta mdundo, lakini katika mtambo mdogo faida yake kubwa ni kuzipunguzia spika za juu, yaani zile za masafa yote zinazofuatana nayo, mzigo wa besi. Masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde (Hz), yakishuka nusu, koni hulazimika kusogea mara 4 zaidi ili itoe nguvu ileile ya sauti. Koni inayotoa 100 Hz bila taabu itatakiwa kusogea mara 4 ya hapo kwa 50 Hz. Koni hiyohiyo ndiyo imebeba sauti ya mwimbaji, na inapokwenda mbele na nyuma kwa kishindo cha ngoma, maneno yake nayo yanatikisika. Iondolee besi, utasikia maneno yanasafika papo hapo, hata kama hujaongeza wati moja.

Vigezo vya kupima

*Kitakachopigwa.* Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu 85 Hz, ya mwanamke karibu 165 Hz. Boksi linaloshuka hadi 80 Hz linatosha kabisa kwa hotuba na mikutano. Gita la besi la nyuzi nne linashuka hadi 41 Hz, na ngoma kubwa ya mguu ina uzito wake kati ya 50 na 100 Hz. Muziki wa dansi wa kompyuta hushuka hadi 40 Hz na chini yake, tena hapo ndipo unapoweka nguvu zake nyingi.

*Mahali.* Nje, sauti hupungua desibeli 6 (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili: kutoka mita 1 hadi mita 8 umepoteza dB 18. Ndani, kuta na dari hurudisha sehemu ya sauti, na besi ndiyo inayonufaika zaidi. Sabufa iliyotikisa madirisha ya chumba inaweza kumezwa kabisa uwanjani.

*Kubeba na kufunga.* Maboksi mangapi, uzito gani, kebo ngapi, na nani atakusaidia usiku kazi ikiisha.

*Nafasi ya kukua.* Utakachonunua leo kitaendelea kutumika ukiongeza kingine baadaye, au utalazimika kukiuza?

Kigezo cha ubora wa sauti kwa ujumla sikukiweka. Karibu kila mpangilio husikika vizuri ukitumiwa ndani ya uwezo wake, na karibu kila mmoja husikika vibaya ukizidishiwa.

Namba za kwenye boksi

Kabla ya kulinganisha chochote, jifunze kuzitilia shaka namba tatu.

Wati kubwa zilizochapishwa kwa herufi nene mara nyingi ni za kilele, yaani za kufumba na kufumbua. Tafuta wati za mfululizo. Na hata hizo zisikutishe, kwani kuongeza wati mara mbili kunakupa dB 3 tu.

Namba inayosahauliwa ni unyeti: boksi linatoa desibeli ngapi likipewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1. Boksi lenye unyeti wa dB 90 likipewa wati 200 litafika karibu dB 113. Boksi la dB 97 likipewa wati 100 litafika dB 117. Lenye wati chache limeshinda, na bado amplifaya yake inapumua.

Ya tatu ni masafa. "45 Hz hadi 20 kHz" haina maana mpaka ujue imepimwa kwa kushuka dB ngapi. Wengine hutaja pale sauti iliposhuka dB 3, wengine dB 10, na kwa dB 10 nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi. Maboksi mawili yenye namba zinazofanana yanaweza kutofautiana sana masikioni kwa sababu hiyo peke yake.

Spika mbili za inchi 12 au 15, bila sabufa

*Sauti.* Boksi zuri la inchi 12 hushuka hadi maeneo ya 55 au 60 Hz, la inchi 15 hushuka kidogo zaidi. Ngoma utaisikia, na gita la besi pia, kwa kuwa sikio hujazia noti ya chini kutokana na sauti zake za juu: noti ya 41 Hz ina mwenzake wa 82 Hz. Utakachokosa ni ule uzito wa kifuani. Wengi hukimbilia inchi 15 kwa ajili ya besi bila kujua wanacholipa upande wa pili. Koni pana ikifika karibu 1 kHz huanza kuelekeza sauti mbele tu kwenye mstari mwembamba, kwa hiyo waliokaa pembeni wanakosa sehemu ya katikati ya sauti ya mtu. Kwa kazi ya maneno, mimi ningechukua inchi 12.

*Mahali.* Zinatosha ukumbi wa wastani kwa hotuba na muziki wa wastani. Nje zinafaa kwa hotuba. Muziki wa kucheza utazichosha.

*Kubeba na kufunga.* Hapa ndipo zinaposhinda. Maboksi mawili, stendi mbili, kebo chache, na baada ya robo saa unajaribu maiki. Hakuna krosova (kichujio kinachogawa besi iende kwenye sabufa na sauti nyingine kwenye spika za juu) ya kurekebisha, hakuna fezi (mawimbi ya spika na sabufa kwenda pamoja au kupishana) ya kuhangaikia.

*Kukua.* Vizuri sana, hasa za inchi 12, kwa sababu sabufa inaweza kuongezwa wakati wowote.

*Zinamfaa* mshereheshaji, mwalimu, mwimbaji mwenye gita, na yeyote anayefunga mtambo peke yake.

Spika mbili za inchi 6 au 8, na sabufa moja ya inchi 10 au 12

*Sauti.* Koni ndogo ina sauti safi ya kati na huisambaza kwa upana, na ikiwa imeachiwa masafa ya juu ya 100 Hz tu haina cha kuhangaika nacho. Kwa chumba cha kusikilizia muziki, au bendi ndogo isiyopiga kwa kelele, mpangilio huu mara nyingi hupendeza kuliko spika kubwa peke yake. Kuna mtego mmoja. Spika ya inchi 6, na zaidi zile ndogo kuliko hiyo, zinaweza kuishiwa nguvu kabla hazijafika 120 Hz, kwa hiyo sabufa inalazimika kupanda hadi 150 Hz au zaidi kuzifuata. Huko juu sikio linaanza kutambua sauti inatoka wapi, na mwimbaji aliyesimama kulia anasikika kama kifua chake kimebaki kwenye kona ya kushoto. Spika za inchi 8 hukuepusha na hilo.

*Mahali.* Ndani. Nje, spika za juu zitaishiwa nguvu kabla ya sabufa.

*Kubeba na kufunga.* Maboksi ni matatu lakini mepesi, na sabufa peke yake ndiyo inayotaka mikono miwili. Kebo zinaongezeka, na lazima uwe tayari kukaa na krosova kwa muda.

*Kukua.* Sabufa inaweza kuongezewa mwenzake, ila ukienda kwenye kazi kubwa ni spika za juu zitakazokuzuia.

*Zinamfaa* mpenda muziki nyumbani, ukumbi mdogo, na mpiga muziki wa chumbani anayetaka uzito bila kelele.

Spika mbili za inchi 10 au 12, na sabufa ya inchi 15 au 18

*Sauti.* Huu ndio mpangilio wa muziki wa kucheza. Sabufa inashuka hadi 40 Hz kwa nguvu, spika za juu zinaimba bila kukunja uso, na mtambo mzima una akiba. Akiba hiyo ndiyo inayofanya muziki wa sauti kubwa usiumize masikio. Kinachoumiza mara nyingi ni amplifaya na koni zilizofika mwisho.

*Mahali.* Ukumbi mkubwa kiasi, au nje kwa kundi lisilo kubwa.

*Kubeba na kufunga.* Hapa kuna machozi. Sabufa ya inchi 18 inahitaji watu wawili na gari lenye nafasi. Umeme nao usidharauliwe: kwenye jenereta ndogo, kishindo cha besi kinaweza kuvuta umeme chini mpaka miksa nayo ikayumba. Kwa sababu hizi wapo wanaochagua sabufa mbili za inchi 12 badala ya moja ya inchi 18. Zikiwekwa pamoja, zikigusana, na kila moja ikiwa na amplifaya yake, hutoa dB 6 zaidi ya moja, na kila moja inabebwa na mtu mmoja. Kinachopotea kwa kawaida ni uwezo wa kushuka chini kabisa.

*Kukua.* Ndiyo njia inayokua bila kutupa kitu.

*Zinamfaa* DJ, bendi yenye ngoma na gita la besi, na mwenye kukodisha vyombo.

Nguzo nyembamba juu ya sabufa

*Sauti.* Nguzo ni safu ya koni ndogo za inchi chache zilizopangwa wima. Sauti yake hupanuka sana kwenda kushoto na kulia lakini hubanwa juu na chini, kwa hiyo haipotei nyingi kwenye dari na sakafu, na wa mbele na wa nyuma hawatofautiani sana kwa usikivu. Kwa maneno, katika ukumbi wenye mwangwi, ni vigumu kuishinda. Udhaifu wake ni koni zenyewe: kwa kuwa ni ndogo, sabufa hupandishwa mara nyingi hadi 200 Hz au zaidi, hivyo sehemu ya sauti ya mtu inatoka sakafuni. Haileti shida sabufa ikiwa chini ya nguzo hiyohiyo. Ukizitenganisha, inaleta.

*Mahali.* Ndani, na nje kwa watu wachache.

*Kubeba na kufunga.* Rahisi kuliko zote. Haina stendi, haina krosova ya kugusa, kiwanda kimeshazioanisha.

*Kukua.* Hafifu. Mara nyingi nguzo inafanya kazi na sabufa yake tu, na kimoja kikiharibika kingine kinabaki mapambo.

*Inamfaa* mwimbaji wa peke yake, mikutano, na yeyote ambaye mwonekano wa jukwaa ni sehemu ya kazi yake.

Kuoanisha spika na sabufa

Ukichagua mpangilio wowote wa kujiunganishia mwenyewe, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mitambo mingi yenye sauti mbaya ina vifaa vizuri visivyoelewana.

Anza na ukubwa. Njia ya haraka ni kuzidisha inchi za kila koni kwa zenyewe, kisha kujumlisha. Spika mbili za inchi 8 ni 64 na 64, jumla 128. Sabufa ya inchi 12 ni 144. Zinaendana. Spika mbili za inchi 12 ni 288, na sabufa ileile ya 144 itachoka wakati spika za juu bado zinacheka. Inchi 15 ni 225, inchi 18 ni 324. Hesabu hii haijui koni inasogea umbali gani wala boksi limejengwaje, kwa hiyo usiifanye sheria. Lakini sabufa yenye namba ndogo mno kuliko ya spika za juu, kwa muziki wa kucheza, itakuangusha.

Kisha mahali pa kukutania. Krosova nyingi za siku hizi hufuata muundo wa Linkwitz-Riley, uliochapishwa mwaka 1976 na kubeba majina ya wahandisi wawili wa Hewlett-Packard, Siegfried Linkwitz na Russ Riley. Katika toleo linalotumika zaidi, kila upande hukatwa kwa dB 24 kwa oktavu, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili au kushuka nusu, na pale wanapokutana kila mmoja ameshuka dB 6, kwa hiyo wakijumlishwa sauti inabaki sawa, bila nundu. Kwa spika za inchi 8 anza na 110 au 120 Hz. Kwa inchi 12 anza na 90 au 100. Nyumbani, 80 Hz ni mahali pazuri kama spika zako zinafika huko kwa nguvu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuipunguza sabufa tu na kuziacha spika za juu ziendelee kupiga kila kitu. Hapo kati ya 60 na 120 Hz pande zote mbili zinapiga pamoja, sauti za wanaume zinavimba, na ile faida niliyoitaja mwanzo inapotea yote. Hakikisha spika za juu zinapitia kichujio cha kukata besi. Sabufa nyingi zenye amplifaya ndani zina tundu la kupeleka sauti kwa spika za juu, lakini si kila tundu la namna hiyo linakata besi. Mengine hupitisha kila kitu kama kilivyoingia. Soma maelezo kabla ya kuamini.

Kichujio kingine kinahitajika chini kabisa. Boksi lenye tundu la hewa hulegea chini ya masafa lililotengenezewa, na koni inaanza kupepea bila kutoa sauti ya maana. Koni nyingi hupasukia hapo. Sabufa zenye amplifaya ndani kwa kawaida zina ulinzi. Zisizo nao zinakutegemea wewe. Kwa hizo zisizo na amplifaya, kumbuka pia omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, manne yanakuwa omu 2, na amplifaya nyingi hazikubali kushuka huko.

Sasa nafasi. Mawimbi ya 80 Hz yana urefu wa mita 4.3. Sabufa ikikaa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma, sauti inayorudi ukutani inapingana na inayotoka karibu na 86 Hz, na hapo unapata shimo kwenye mdundo wenyewe. Isogeze mpaka ikaribie ukuta kabisa. Shimo linapanda juu, nje ya kazi ya sabufa, na besi inaongezeka bure. Ukiwa na sabufa mbili kwenye mtambo mdogo, ziweke pamoja. Zikitenganishwa kushoto na kulia, katikati kunakuwa na besi nyingi na pembeni kuna mistari ambayo besi imetoweka.

Mwisho fezi. Piga wimbo wenye besi isiyokatika, simama watakapokuwa wasikilizaji, mwenzako ageuze swichi ya fezi kati ya 0 na 180. Acha pale besi inaposikika nzito zaidi. Spika za juu zikiwa mbele ya sabufa kwa mita 1.7, kwa 100 Hz wamepishana nusu wimbi na wanafutana. Ama zisogeze zikae mstari mmoja, ama ichelewe ile iliyo mbele kwa karibu milisekunde 3 kwa kila mita.

Kwa wenye miksa yenye njia ya pembeni, ile ya kupeleka sauti kwenye monita: itumie kulisha sabufa peke yake. Peleka ngoma, gita la besi, kinanda na muziki uliorekodiwa. Maiki za sauti usizipeleke. Kishindo cha mtu anayepumulia maiki hakitafika kwenye sabufa tena.

Uchague kwa hali yako

Kama kazi yako ni maneno kwa sehemu kubwa, na muziki ni wa kujaza nafasi, spika mbili za inchi 12 zinatosha na fedha ya sabufa inunue maiki nzuri. Ukumbi ukiwa na mwangwi mkali, fikiria nguzo kwanza.

Kama unasikiliza chumbani, spika za inchi 6 au 8 na sabufa ya inchi 10 au 12. Majirani wakiwa ukuta kwa ukuta, hata hiyo sabufa iahirishe: besi hupita ukutani kuliko sauti nyingine zote, na kupunguza wati hakusaidii kama unavyodhani.

Kama unapigia watu muziki wa kucheza, hasa nje, usijaribu kuokoa kwenye sabufa. Spika za juu za inchi 10 na sabufa ya inchi 18 zitakutumikia vizuri kuliko spika za inchi 15 na sabufa ya inchi 12, ingawa watazamaji wataona vinginevyo.

Kama fedha inatosha nusu tu kwa sasa, nunua spika mbili za inchi 10 au 12 zenye unyeti mkubwa, zifanyie kazi, kisha ongeza sabufa. Kuanza na sabufa na kutafuta spika za kuifuata ni safari ndefu zaidi. Na kama tayari unazo spika za inchi 15, usiziuze haraka: zikate kwa 90 Hz, tafuta sabufa mbili za inchi 15 au moja ya 18, na uzisikilize kwenye kazi halisi kabla ya kuamua.